Chungwa la Gauni la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimejitolea. Mbele ya ukoo mzima, kifua mbele! Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Habari yenyewe ni hii. Mama Mkwe anatoa santuri. Santuri ya kweli, ile duara nyeusi ya sindano, maana wapenzi wa muziki wa zamani wamezirudia. Nyimbo zake mwenyewe, sauti yake mwenyewe na, kwa mara ya kwanza, sura yake mwenyewe kwenye jalada. Maisha yake yote ameitikia nyuma ya waimbaji wengine. Jana alitoa kabatini jalada kuukuu la bendi fulani, akaweka kidole pembeni kabisa mwa picha. Akasema, "Huyu ni mimi." Tukainama wote tuone. Kilikuwa kiwiko.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu, ndiye aliyelipanga jalada kwenye kompyuta. Ana kompyuta. Ana gari. Ana meno mazuri. Mama Mkwe humwita "mwanangu". Mimi huniita "bwana wa viti", kwa kuwa nakodisha viti vya shughuli. Basi Mwanyumba akatugeuzia kioo cha kompyuta. Mama Mkwe amesimama ndani ya gauni lake la rangi ya chungwa, lile alilojishonea siku alipoamua kwamba sasa ataimba mbele. Chungwa linawaka! Nilihisi joto usoni. Mama Mkwe akasema jambo moja tu: gauni lake liwe gauni lake.

Mwanyumba akauliza nani atasimamia uchapaji. Nikasema mimi. Nikasema nimekulia kwenye wino.

Kwa kweli niliwahi kupanga chumba jirani na mtu aliyeuza kalamu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeipata matbaa, nyuma ya duka la magodoro. Mlango wa bati. Ndani harufu ya mafuta ya taa na karatasi mpya, na mtambo mkubwa kuliko chumba chetu cha kulala, unahema. Mwenyewe ni mama mmoja mpana, aproni yake ina rangi zote za dunia. Hajui kunong'ona. Kabla sijaketi alishaniambia kwamba hakuna mchapaji anayemfikia kuanzia pale mpaka baharini, na kwamba baharini hajawahi kwenda lakini ana hakika. Nimempa jina Malkia.

Nilijitia mjuzi. Nikamwambia nataka rangi zote, asibakishe hata moja. Akanionyesha makopo manne. Manjano. Waridi kali la kuumiza jicho. Samawati. Nyeusi. Basi.

Nikanusa wizi. Kijani kiko wapi? Kahawia je? Ngozi ya Mama Mkwe itatoka kopo gani? Nikamwambia kwa upole kwamba mimi si mtoto, makopo mengine ayatoe tu uvunguni. Malkia alicheka mpaka akashika meza. Akachomoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akakiweka juu ya picha ya papai kwenye kalenda ukutani.

"Chungulia, mzee."

Nikachungulia. Papai halikuwepo! Palikuwa na vitone. Vya manjano, vya waridi, vya samawati, vimepangwa kama shanga, vingine peke yake, vingine vimelaliana, na katikati yake karatasi nyeupe tupu. Nikaondoa kioo: papai, na jani lake la kijani kibichi. Nikarudisha: vitone. Jani lenyewe ni manjano na samawati zimekaa jirani tu. Malkia akasema jicho ndilo linalochanganya rangi. Kazi yake yeye ni kuweka kila kitone mahali pake, halafu anatuachia sisi tujidanganye.

Nilikuwa nimekwenda pale kumlaghai mtu. Nikajikuta nimepiga magoti sakafuni mbele ya kalenda.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kile kioo kimo mfukoni mwangu. Sikukiiba. Kilinifuata.

Leo sijafanya kazi yoyote. Mteja wa viti alikuja, nikamwambia asubiri nimalize pakiti ya biskuti. Biskuti ni vitone! Ng'ombe wa kopo la maziwa ni vitone! Mheshimiwa kwenye bango la njia panda ni vitone vikubwa kama dengu, na meno yake ni karatasi tupu. Watu walikusanyika nyuma yangu wakidhani nasoma tangazo la kazi.

Kisha nikayachungulia majalada ya zamani ya Mama Mkwe. Yote vitone, isipokuwa moja. Hilo jekundu lake limelala tambarare, zito, ukipitisha kidole unaliona limeinuka kama kovu. Halina kitone hata kimoja. Limechapwaje? Sikupata usingizi wa mchana.

Jioni mke wangu alikuwa anakunja nguo. Nikamwekea kioo shavuni. Akauliza nina nini. Nikamwambia natafuta vitone. Hana! Ni rangi tupu, moja kwa moja, kahawia inayoingia ndani na ndani bila kufika mwisho. Nikamwambia wewe hukuchapwa. Akanitazama, kisha akasema nikamrudishie mwenyewe kioo chake kabla sijafuatwa na polisi. Lakini alikuwa anajizuia kutabasamu. Nilimwona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Malkia alikuwa ameshawagombeza wafanyakazi wake wote kuhusu kioo. Nikamwambia nimekiokota barabarani. Akasema barabara hiyo lazima ilipita mfukoni mwangu. Tukayaacha hayo.

Nikamwuliza juu ya lile jekundu zito. Akafurahi kuulizwa, na alipofurahi aliongea mpaka mtambo ukasikika mdogo. Lile ni la skrini: kitambaa chembamba kimebanwa kwenye fremu, wino unasukumwa kwa ubao wa mpira upenye pale palipoachwa wazi. Rangi moja kwa mkono mmoja, nzima nzima, bila vitone. Akanionyesha pia mashine ya pembeni inayopokea picha moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Nzuri kwa majalada machache ya haraka, akasema, lakini kwetu sisi tunaotaka mia tatu, mtambo mkubwa. Kila rangi na bamba lake, yaani bati linalobeba picha ya rangi hiyo peke yake. Rangi moja ipite, ikimalizika ifuate nyingine, juu ya karatasi zile zile. Na bamba likisogea unene wa unywele tu, Mama Mkwe atakuwa na midomo minne.

Miwili inanitosha.

Ndipo nikapata mbinu. Kwanza nilimwomba anibadilishie jambo dogo nyuma ya jalada. Mwanyumba ameniandika mwisho kabisa kwenye shukrani, na mbele ya jina langu ameweka neno "Viti". Nikataka pawe "Msimamizi Mkuu wa Rangi". Malkia akakataa kubadilisha neno bila ruhusa ya aliyepanga. Sawa. Nikaja na mbinu ya pili: tuiache nyeusi. Picha ni ya rangi, nyeusi ya nini? Tungemaliza mapema, Mama Mkwe angeshangaa kasi yangu. Malkia akanitazama kwa jicho moja. Akasema tujaribu karatasi chache, nijionee.

Ikapita manjano. Mama Mkwe alitokea kama mtu aliyechorwa kwa siagi, humwoni mpaka umsake. Ikapita waridi. Akawa mtu, ila mwenye homa kali. Ikapita samawati, na chumba kikajaa: ukuta nyuma yake, kivuli shingoni, kijani cha mmea wa chunguni. Nikapiga makofi. Nikasema si nilikwambia! Malkia akasema mtazame vizuri. Nikamtazama. Alikuwa kama yuko nyuma ya kioo chenye ukungu. Anatazama, lakini hakutazami. Nikahamia nusu ya pili ya karatasi, upande wa maandishi. Patupu! Jina la santuri hakuna. Nyimbo hakuna. Mimi sipo, hata kwenye viti! Kumbe herufi zote zinakaa kwenye bamba la nyeusi. Nilikuwa nimejifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Malkia akapitisha nyeusi.

Mama Mkwe akafumbua macho. Sina namna nyingine ya kuliandika. Mboni, kope, ile mikunjo miwili ya dharau kando ya mdomo. Nilirudi nyuma hatua nzima.

Nikasema, "Shikamoo, mama."

Malkia hakucheka. Alisema wengi huamkia.

Kisha nikaliona gauni. Lilikuwa rangi ya tofali. Tofali la zamani, lililonyeshewa. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, uliruka kwa furaha. Mwanyumba kaharibu!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilipeleka ile karatasi nyumbani kwa Mama Mkwe, Mwanyumba akiwepo, makusudi. Nikaitandaza mezani. Nikatoa hotuba fupi kuhusu kompyuta na watu wanaoziamini. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Mama Mkwe alijitazama usoni muda mrefu. Nikaona mkono wake unapanda shavuni. Kisha akateremka kwenye gauni, na mkono ukashuka.

"Hili siyo gauni langu."

Nikasema ndiyo, mama, ndivyo ninavyosema, makosa ya kompyuta. Akauliza nani aliyesema anasimamia rangi. Mke wangu akatazama dari. Shemeji yangu, mke wa Mwanyumba, akamtazama mke wangu. Nikasema kwamba kwa namna fulani ni mimi.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema tu kwamba labda apigwe picha nyingine, asimame pembeni kidogo, wasimwone sana. Akainuka, akaingia chumbani. Kila Jumamosi huimba akipika. Leo sufuria ziligongana zenyewe jikoni, bila wimbo.

Nilikaa pale nimenywea. Mwanyumba hakunicheka. Ningejua la kufanya kama angenicheka! Alinishika bega akasema Jumatatu twende wote kwa huyo mchapaji, nimfundishe nilichojifunza. Nimfundishe! Nilitafuta kejeli katika uso wake nikaikosa. Mtu huyu ananichosha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Walipendana dakika ile ile. Malkia na Mwanyumba! Mimi nilitarajia amkaange kwa mafuta yake mwenyewe. Badala yake Mwanyumba aliuliza swali moja la adabu, na Malkia akamvutia kiti. Mimi sijawahi kuvutiwa kiti, na viti ndiyo kazi yangu.

Swali lilikuwa: kwa nini kompyuta iliwaka na karatasi ikazima? Malkia akasema kompyuta ni taa. Inakupiga mwanga machoni. Karatasi haina mwanga wake, inakopa wa dirishani, na kila wino unaoweka juu yake unakula sehemu ya huo mwanga. Chungwa kali ukitaka kulipata kwa vitone vya manjano na waridi, hasa kwenye karatasi hii isiyong'aa inayokunywa wino, mwanga unaliwa mno. Ndiyo maana tofali.

Niliuangalia mwanga wa dirishani. Miaka yote hiyo nilidhani rangi zimo ndani ya vitu.

Mwanyumba akauliza, basi kama chungwa lingekuwa na kopo lake? Malkia akapiga paja. Alikuwa na wino wa chungwa uliobaki kwenye kazi ya maboksi ya sabuni. Bamba la tano, la gauni peke yake. Vitone vya manjano na waridi viondoke kwenye gauni, chungwa zima lilale pale tambarare, na nyeusi ije juu yake kuchora mikunjo. Nikasema kwa sauti kwamba ndilo hasa nililokuwa nafikiria. Hakuna aliyegeuka.

Lakini chungwa la sabuni siyo chungwa la Mama Mkwe. Mke wangu akaenda kumwita. Alikuja kwa shingo upande, gauni limefungwa kwenye shuka. Alipolifungua, matbaa nzima ilisogea kutazama. Hata wafanyakazi wa magodoro walichungulia mlangoni.

Malkia akamwaga wino juu ya bapa la kioo, akaukanda kwa kisu kipana, akapaka tabaka jembamba kwenye ukanda wa karatasi, akauweka kando ya kitambaa. Bado. Chembe ya manjano. Bado. Chini ya taa zikalingana, tukashangilia, tukatoka nje kwenye jua: mbalimbali kabisa, kama binamu wasiosalimiana! Tukarudi. Sasa Mama Mkwe alikuwa amesogea. Alikuwa ameacha kusimama pembeni. Akasema ongeza waridi. Malkia akasema yeye ndiye mchapaji. Mama Mkwe akasema yeye ndiye gauni. Wakatazamana, wanawake wawili wasiojua kunong'ona, na mimi nikajibanza nyuma ya bunda la karatasi.

Malkia akaongeza, kiasi cha ncha ya kucha. Akapaka. Tukatoka nje tena. Akaulaza ule ukanda wa karatasi juu ya gauni, na ukanda ukapotea. Naapa! Niliutafuta kwa macho nikauona kingo tu. Jua liliwaka juu yake na juu ya kitambaa sawasawa, kana kwamba vimefumwa pamoja.

Mama Mkwe akapumua. Akasema, "Ndilo hilo."

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo zimechapwa zote. Karatasi zilikuwa zikiruka kutoka mtamboni moja juu ya nyingine, pa, pa, pa, na kila moja ina Mama Mkwe, macho wazi, na gauni linawaka. Mia tatu! Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Upepo wa karatasi ulinipiga usoni, nikahisi ni yeye anapita.

Malkia akatangaza kwamba hakuna mtu kugusa. Wino wa chungwa umelala mnene, utachukua muda kukauka. Ijumaa ukoo wote utakuja kukunja majalada hapa hapa.

Ijumaa! Yaani Mama Mkwe atapokea jalada lake la kwanza kutoka mkononi mwa Malkia, au, tuseme wazi, Mwanyumba. Haiwezekani. Malkia alipokwenda kunawa nilimwambia mfanyakazi wake kwamba nimeagizwa nichukue bunda moja. Nimelileta nyumbani kwa mkokoteni wa viti, taratibu, kama mtu anayebeba mgonjwa. Kwa kuwa kingo zilianza kujikunja, nimelilaza sakafuni vizuri na kupanga viti juu yake. Vyote. Kesho asubuhi zitakuwa zimenyooka kama askari.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Maji yamenifika shingoni.

Nimeondoa viti. Nimeinua karatasi ya juu. Ikaja na mwenzake. Nikazibandua, zikalia kama plasta inayotoka kwenye kidonda. Chache zimechanika gauni. Nyingine zimeachana salama, lakini mgongoni! Wino ulikuwa mbichi, uzito umeukamua, kila jalada limejigonga mgongoni mwa lililokaa juu yake. Nageuza karatasi, nakutana na Mama Mkwe mwingine. Hafifu, wa chungwa, ametazama upande wa pili, kama mtu anayepita nyuma ya pazia. Nageuza ya pili: huyo. Ya tatu: huyo. Nyumba imejaa wakwe!

Nilitaka kulia. Lakini pia nilikaa katikati yao sakafuni na sikuweza kuacha kutazama. Walikuwa wazuri. Hakuna aliyewachora. Walijitokeza wenyewe gizani, chini ya viti vyangu.

Mke wangu alirudi akanikuta hapo. Akatazama kila upande. Akakaa kwenye kiti kimoja, akafunika uso kwa kanga. Mabega yake yalitikisika. Sijui kama ni kilio au kicheko, na sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nilipeleka bunda alfajiri nikitumaini kulichomeka kimyakimya. Wote walikuwa wameshafika. Malkia aliponiona na mkokoteni alinena maneno ambayo siyaandiki hapa. Wafanyakazi wa magodoro wameyajifunza.

Mama Mkwe akainua mkono. Malkia akanyamaza, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Akachukua karatasi ya juu. Akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. Akaomba kioo cha kukuzia. Akajichungulia usoni, kidogo kidogo, kuanzia paji mpaka kidevuni. Akauliza kama vitone vyote vile ni yeye. Malkia akasema ndiyo, mama. Akashuka kwenye gauni, na pale hapakuwa na vitone, palikuwa na chungwa tupu na mikunjo. Akakaa humo muda mrefu. Tulisikia pumzi yake.

Kisha akageuza tena nyuma, kwa yule hafifu.

"Na huyu namjua," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa anaitikia."

Mwanyumba, hasidi wangu, akasema polepole kwamba jalada likikunjwa, mgongo wa karatasi unaingia ndani. Hakuna atakayemwona huyo wa nyuma isipokuwa anayechungulia anapotoa santuri. Malkia akakunja moja kujaribu. Kweli! Nje Mama Mkwe anawaka. Ndani, gizani, anayepita nyuma ya pazia. Mama Mkwe akaingiza mkono ndani ya jalada, akautoa, akauingiza tena.

Akasema zilizochanika zitupwe, hizi nyingine zibaki, na asiambiwe mtu. Zitampata zitakayempata.

"Bwana wa viti," akaniita. "Njoo ushike hapa, nikunje."

Nikashika. Tulikunja mpaka mchana. Katikati ya kazi akaanza kuimba, si kwa kuitikia. Malkia aliitikia. Hana sauti kabisa. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Siku njema sana! Mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi alikuja kukodi viti, nikamwonyesha jalada, nje na ndani. Nikamweleza kwamba sura ya ndani ni ufundi wangu wa siri, niliufanyia utafiti mrefu. Macho yalimtoka pima. Naye anatoa santuri. Akauliza kama naweza kumpatia jalada la fedha, linalong'aa gizani, ukizima taa tarumbeta ionekane peke yake.

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Malkia bado sijamwambia. Nitamwambia akiwa ameshiba. Amesema tu, kwa jumla, kwamba wino wa fedha hukauka kwa uvivu kuliko wote na hautaki haraka. Anapenda kukuza mambo yule mama. Nimeshazungumza na jirani yetu mwoka mikate. Tanuri lake likishatoa mikate hukaa bure mchana kutwa, moto mzuri kabisa. Karatasi ni karatasi tu. Itadhurika nini?